Kiti cha Mzee Volti

Aliyemkuta ni mwanamke mmoja aliyekuja kutibiwa mguu. Alifika saa moja kasorobo asubuhi, kabla foleni haijaanza kujipanga, akakuta mlango wa chumba cha matibabu umerudishiwa tu. Akabisha hodi, kimya. Akachungulia. Mzee Volti alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha dirishani, kichwa kimelala begani, mikono yote miwili imeng'ang'ania vipini vya shaba vya mashine yake. Chumba kilinuka waya ulioungua. Kama fyuzi ya nyumba isingekuwa imeshakatika, maiti zingekuwa mbili, maana jambo la kwanza alilofanya mwanamke yule ni kumshika mkono amwamshe.

Inspekta aliyepewa kesi aliitwa Bi Taratibu. Jina hilo alipewa na askari wa chini yake, waliosema kwamba mama huyu akimfukuza mwizi, mwizi hupata muda wa kunywa chai. Alilijua na halikumkera. Saa mbili alikuwa amepiga magoti sakafuni, miwani puani, akiufuata waya kwa kidole kutoka kwenye vipini, kupita chini ya zulia, mpaka nyuma ya kabati.

"Ajali," alisema mkuu wa kituo, aliyesimama mlangoni. "Mganga kauawa na dawa yake. Tufunge faili, watu wakazike." Mkuu alikuwa na sababu zake. Chini ya sare alivaa mkanda wa shaba wa Mzee Volti kwa ajili ya mgongo, na kituo kizima kilijua.

"Mashine hii inatumia betri za tochi, mkuu. Haiui hata kifaranga. Njoo uone huku."

Nyuma ya kabati, waya wa vipini ulikuwa umeungwa na umeme wa ukutani, na kiungo kimezungushiwa plasta nyeupe, ile ya kubandika vidonda.

"Kuna mtu kauunga huu," alisema Bi Taratibu, akijiinua kwa kushika kabati. "Na kauunga akijua asubuhi kuna atakayeshika."

Mzee Volti hakuanza maisha kama mganga. Alifundisha fizikia chuoni hadi mvi zikaota, mtu wa chaki na vipimo, aliyewaambia wanafunzi kwamba kisichopimika wasimletee. Kisha akatengeneza kisanduku chenye taa ya kijani na mvumo mdogo kama wa nyuki, akamwekea mkewe miguuni, na mke akasema maumivu yametulia. Mwaka ule ule akaacha kazi. Wenzake walimcheka mpaka wakachoka. Baadaye wawili kati yao walionekana kwenye foleni, wamevaa kofia.

Ushahidi wake mkubwa ulikuwa binti yake, msichana wa miaka kumi na minne aliyempachika jina la Taa. Taa alikuwa na kifafa tangu utotoni. Baba alimwachisha vidonge, akamkalisha kwenye kiti, na hakuanguka tena. Kila asubuhi dirisha lilifunguliwa, Taa akakaa wa kwanza, mtaa mzima ukamwona amenawiri. Mlangoni kulikuwa na ndoo ya plastiki. Wagonjwa walimwaga humo vidonge vyao vya hospitali, na Mzee Volti aliwapigia makofi.

Wa kwanza kuhojiwa alikuwa fundi aliyemtengenezea mashine. Askari walimtoa kitandani bila kumweleza kitu, wakamleta hivyo hivyo.

"Kuna mtu amekufa kwenye kile kiti," alisema Bi Taratibu.

Fundi akakaa chini pale pale. "Taa," alisema. "Afande, niambie si Taa."

"Si yeye. Ni baba yake."

Alilia, lakini kilio cha mtu aliyetua mzigo. Bi Taratibu alimwacha amalize.

"Mlikosana wiki hii."

"Tulikosana kila wiki. Nilimwambia ile ndoo tuiondoe, akaniambia nianze kujiondoa mimi."

"Jana ulitoka saa ngapi?"

"Saa kumi na moja jioni. Nilifunga, funguo nikazirudisha kwa mke wa mzee."

Bi Taratibu akamwonyesha kile kiungo. Fundi akakitazama kwa karaha ya kweli. "Plasta ya kidonda? Afande, hata kama ningekuwa naua mtu, nisingefanya kazi mbaya namna hii."

Wa pili alikuwa seremala wa mtaa wa nyuma. Mwezi uliopita alimzika mwanawe wa pekee. Mtoto alikuwa na kifafa, vidonge vyake vilimwagwa kwenye ndoo, na siku moja alianguka asiinuke. Wiki iliyopita seremala alikuja na nyundo, akavunja dirisha la Mzee Volti, akaapa mbele ya watu kwamba atamuua. Kioo kilichovunjika kilikuwa bado kimezibwa kwa ubao mmoja, na ubao ule mtoto mdogo angeweza kuung'oa.

"Jana usiku ulikuwa wapi?"

"Nyumbani."

"Na nani?"

"Na nani tena, afande? Mke amerudi kwao. Nilikuwa na kuta."

"Uliapa utamuua."

"Niliapa. Na leo nimeambiwa amekufa, nikangoja nisikie raha. Sijasikia kitu." Alikuna gundi iliyokauka kwenye kidole gumba. "Unajua nani anakaa kwanza kwenye kile kiti? Yule msichana. Ndiye niliyemwona pale dirishani nikamwambia mke wangu, mwaga vidonge, tumepona. Mimi nimezika mtoto. Nitege mtego wa kunasa mtoto wa mwenzangu?"

Bi Taratibu akaacha kuandika. Alijiona mjinga, na hakuona haya kujiambia hivyo. Tangu asubuhi alikuwa akiuliza nani alitaka Mzee Volti afe, na kumbe mtego haukutegewa Mzee Volti. Ulitegewa atakayekaa kwanza. Aliyeutega ama alitaka kumuua Taa, ama alijua kwa hakika kwamba asubuhi ile Taa hatakuwapo.

Mchana huo alikwenda kwa shangazi yake Taa, dada wa marehemu, aliyekaa ghorofani juu ya duka la maziwa. Nyumba ilikuwa imejaa waombolezaji. Shangazi alikuwa mwanamke mnene wa sauti, amefunga kanga kiunoni, na katikati ya msiba bado alikuwa na nafasi ya kumsema wifi yake.

"Jana magharibi ananiletea mtoto, ati alale hapa aniage, kwa sababu leo wangesafiri na baba yake kwenda kutibu watu mji wa mbali. Haya, nimempokea. Lakini tazama hiyo chupa ya chai. Ameileta imejaa maziwa. Mimi naishi juu ya duka la maziwa, ananiletea maziwa! Dharau hiyo."

"Ulipewa maagizo yoyote?"

"Taa anywe yote, asubuhi, na asigawe. Kama kwangu kuna njaa."

Taa alikuwa ameketi pembeni, mikono mapajani, macho makavu. Alimwamkia Bi Taratibu kwa adabu.

"Maziwa ya mama ni matamu?" aliuliza Bi Taratibu.

"Yana sukari nyingi. Chini yana uchungu kidogo. Nimezoea."

"Tangu lini?"

Msichana akafikiri. "Tangu baba aniachishe vidonge."

Bi Taratibu akafungua chupa. Chini kilikuwa kimebaki kitu kidogo. Akachovya kidole, akaonja, na chini ya sukari akakutana na uchungu wa dawa. Jioni maabara ikampa jibu. Haikuwa sumu. Ilikuwa dawa ya kifafa, kipimo kile kile alichoandikiwa Taa hospitalini, kimesagwa kikalainika.

Kesho yake asubuhi aliwaita wote kwenye chumba cha matibabu. Fundi alisimama karibu na kabati, seremala karibu na dirisha alilolivunja mwenyewe. Mjane alikaa kwenye benchi la wagonjwa, mwembamba, mtulivu, ushungi umeshuka mabegani. Bi Taratibu aliagiza Taa abaki nyumbani, lakini shangazi alikuja naye amemshika mkono, akasema mtoto ana haki ya kumjua aliyemuua baba yake. Hapo ndipo Bi Taratibu alipopaswa kuahirisha kila kitu. Hakuahirisha, na jambo hilo lilimtafuna baadaye.

"Fundi alidhani Taa yupo," alianza. "Nilipomwambia mtu kafa kwenye kiti, alimlilia Taa. Seremala naye alidhani yupo, maana kila asubuhi humwona pale. Wote wawili, kama wangeutega mtego huu, wangeamini wanamuua mtoto. Aliyemwondoa mtoto juzi magharibi, fundi akiwa ameshaondoka, ni mmoja tu. Funguo zilikuwa kwake. Na ndiye aliyemshikia mumewe tochi miaka yote akiunga nyaya."

Mjane hakusubiri amalize. "Kweli kabisa, afande," alisema. "Ni mimi."

Shangazi akatoa sauti kama ya kikohozi.

"Siku ile ya kwanza aliponiwekea kisanduku miguuni, sikusikia chochote," alisema mjane. "Alikuwa amekesha siku tatu anakitengeneza. Alinitazama kama mtoto anayengoja sifa. Nikamwonea huruma, nikasema nasikia nafuu. Sikujua atajiuzulu kazi kwa neno langu. Kila nilipotaka kulirudisha, watu walikuwa wameshaongezeka mlangoni."

"Na Taa?"

"Alipomwachisha vidonge nilibishana naye nikashindwa. Nikaanza kusaga. Nilisema nailinda roho ya mwanangu tu, wengine kila mtu na wake." Akamtazama seremala, kisha akashusha macho. "Nilikuja kwenye mazishi ya mwanao. Nilikaa nyuma. Mtoto wako alikufa kwa sababu wangu alinawiri, na wangu alinawiri kwa mkono wangu."

Seremala aligeuka akatazama nje.

"Kwa nini hukumwambia mumeo ukweli?" aliuliza Bi Taratibu. "Ungemwambia, usingemuua."

"Nilimwambia. Baada ya yale mazishi nilimpa kopo la vidonge mkononi, nikamwambia kila kitu. Nilitegemea atapiga kelele. Hakupiga. Aliongea kama zamani, kama mwalimu wa fizikia. Nilikuwa sijamsikia hivyo miaka mingi. Akasema, 'Kumbe zilikuwa sababu mbili kwa wakati mmoja. Hatuwezi kujua ipi ilifanya kazi. Dawa yake ni kuondoa moja.'" Mjane aliitazama ile ndoo mlangoni. "Akavitupa vidonge. Akasema ataondoka na Taa, mwezi mzima, mbali na jiko langu, mashine tu, tuone. Mtoto wangu, afande. Alitaka kumpima mtoto wangu. Taa akianguka, huwa harudi haraka. Mara ya mwisho midomo iligeuka rangi."

"Na vidonge vya kwenye chupa?"

"Nilikuwa nimeficha vingine kwenye unga. Asubuhi ile aliuliza Taa yuko wapi. Nikamwambia yuko kwa shangazi yake, na kiti kisikae kitupu, watu watasema nini. Akaenda kukaa."

Kisha Taa akaongea, kwa mara ya kwanza asubuhi ile, kutoka mlangoni.

"Mama, kwa hiyo mimi nimepona au sijapona?"

"Hujapona, mwanangu. Kunywa vidonge vyako. Nakuomba."

"Usimsikilize," alisema shangazi, akimvuta kifuani. "Amemuua baba yako, na mwenyewe amekiri alikuwa anakutilia vitu kwenye maziwa. Mtu huyo anaapa kwa lipi?"

Hata pingu zilipokuwa zinafungwa, mjane aliuliza jambo moja tu: nani atampa mtoto vidonge. Bi Taratibu alisema atalishughulikia, na alikuwa na nia kweli. Mchana alikwenda na daktari kwa shangazi. Daktari alieleza vizuri, kwa upole, kwa michoro. Shangazi alipokea kopo, akalimwaga dirishani mbele yao. Taa mwenyewe alisema hatakunywa. Baba yake hakumdanganya, aliyemdanganya ni mama. Bi Taratibu akaenda ofisi ya ustawi wa jamii, wakamwambia ndugu wa baba ndio walezi halali, mtoto hana dalili ya kuteswa, alete maombi kwa maandishi. Akaandika. Akaenda kwa imamu wa mtaa na kwa mwalimu wake Taa, wote wakaahidi kuongea na familia msiba ukitulia. Mkuu wa kituo alimpongeza kwa kesi iliyokwisha upesi. Alikuwa bado amevaa mkanda.

Mashine ilikaa rafu ya vielelezo, imefungwa lebo.

Siku ya nne, muda wa chai ya saa nne, simu ya mezani ikalia. Alikuwa shangazi, anahema.

"Afande, turudishieni mashine. Mtoto ameanguka."

Bi Taratibu akasimama. "Mlaze ubavu. Usimtie kitu mdomoni. Naleta daktari sasa hivi, mkimbizeni—"

"Daktari wa nini? Alikuwa mzima mpaka mlipoichukua. Mtaa mzima ni shahidi, alikuwa mzima! Mmeichukua, siku ya nne ameanguka. Leteni mashine ya ndugu yangu."

Bi Taratibu akatafuta la kumjibu, na yote aliyokuwa nayo yalitoka kinywani mwa mwuaji. Akaiacha simu inaning'inia. Askari wake walimwona akikimbia, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona, akashuka ngazi, akamvuta daktari kutoka zahanati ya jirani akiwa na glavu mkononi, wakapanda gari.

Mlango wa ghorofani ulikuwa umekomewa. Ndani kilisikika kisigino kikigonga sakafu, haraka haraka, bila kukoma. Bi Taratibu aligonga kwa ngumi zote mbili.

"Nani?"

"Mimi, afande. Nimekuja na daktari. Fungua."

Hatua zikasogea mpaka nyuma ya mlango, zikasimama.

"Umekuja nayo?" aliuliza shangazi.