Suruali ya Kijivu

Lifti ya jengo lile ilikuwa na tabia ya kununa. Adhuhuri moja, ukumbi wa chini ukiwa umefurika wateja na wachukuzi, ikanuna kati ya ghorofa ya pili na ya tatu. Ndani alikuwamo mshonaji mmoja, kavaa gauni la njano na utepe wa kupimia shingoni, kakumbatia shela la bibi harusi lililokuwa likisubiriwa juu.

Wenzake walimwita Sindano, na si kwa sababu ya kazi tu.

"Nyie huko nje!" alifoka huku akipiga mlango makofi. "Mkinichelewesha, bibi harusi ataolewa na taulo kichwani!"

"Tulia, dada," sauti ya mwanamume ikajibu kutoka juu. "Ukimpiga hivyo atazidi kununa."

"Na mimi niliyenuna nani atanibembeleza?"

"Nikimaliza na huyu nakuja kwako."

Mlango ukaachana taratibu. Sindano akaona viatu vya kazi, ovaroli ya buluu yenye madoa ya grisi, na kijana mrefu hata ikabidi ainue shingo. Kijana akanyoosha mkono.

"Shela kwanza," akasema Sindano. "Mimi sina mtu anayenisubiri."

"Basi tangu leo unaye."

Sindano akacheka bila kutaka. Jicho lake la kazi lilikwisha kumpima mabega na kiuno, na likaona, chini ya ukosi wa ovaroli, kovu jembamba lililopita shingoni. Akajisemea kwamba aliyeshona pale alikuwa na mkono mzuri.

Jina la Mrefu kijana alipewa na Sindano mwenyewe, siku ile ile. Tangu hapo lifti ikawa inaharibika kila siku, au ndivyo Mrefu alivyodai kila alipoonekana kwenye duka la ushonaji la ghorofa ya tatu. Mwenye duka, shangazi yake Sindano, aliiweka sawa miwani yake kwanza, kisha akamtazama kijana.

"Lifti iko huku nje, baba. Hapa kuna vyerehani tu."

"Nimekuja kusalimia, Shangazi. Shikamoo."

"Marahaba. Mimi umeshanisalimia. Msalimie na uliyemfuata."

Simu nazo zikaanza. Sindano aliibana simu kati ya sikio na bega huku mguu ukiendesha cherehani.

"Umekula, malkia?"

"Nimekula pini. Wewe uko wapi?"

"Juu ya lifti, gizani, nakuwaza."

"Acha kuniwaza, shika waya usije ukaungua ukaniachia ujane kabla ya ndoa."

"Kumbe ndoa ipo!"

Sindano alimshonea shati jeupe, akampima kwa mikono yake. Siku Mrefu alipokuja kulijaribu ndipo Sindano alipoligusa lile kovu akauliza. Mrefu akakaa kwenye kiti cha wateja, shati bado wazi.

"Nilikuwa na saratani ya tezi za limfu, hizi za shingoni na kwapani."

"Umepona?"

"Daktari hapendi neno hilo. Anasema hawaioni."

"Kutoonekana na kutokuwapo si kitu kimoja?"

"Ndivyo nilivyomwuliza. Akaniambia mashine zao zinaona mpaka kiasi fulani. Kama kuna kilichobaki, kidogo kuliko hapo, wao hawakijui na mimi sikijui. Naweza kuishi hivi mpaka nizeeke. Naweza kuitwa kesho. Kwa hiyo napimwa, narudi kazini, nasubiri kupimwa tena." Akatabasamu. "Sasa unajua. Ukitaka kukimbia, lifti leo inafanya kazi."

"Nitashuka kwa ngazi nikitaka," akasema Sindano. "Funga vifungo, nione ukosi."

Lakini usiku ule moyo wake haukutulia, na haukutulia tena vizuri tangu hapo. Kila Mrefu alipokohoa, aliacha kushona. Kila simu ilipochelewa, alipiga yeye.

Kisha ikaja suruali ya kijivu.

"Zipu imekufa," Mrefu alisema akiiweka mezani kama mtoto. "Nitengenezee kabla ya Jumapili, mpenzi. Hii si suruali tu. Niliinunua siku waliyoniambia hawaioni tena. Mizani inanitisha, siipandi. Naivaa hii. Ikinishika kiunoni, najua niko sawa. Ikinilegea..." Hakumaliza. "Zipu imeninyima raha, sijaivaa muda mrefu."

"Simama nikupime," Sindano akasema. "Nina koti nataka kukushonea."

Akazungusha utepe kiunoni. Akautazama. Akauzungusha tena, akijidai umeteleza. Kiuno alichokipima wakati wa shati kilikuwa kimepungua, na si kidogo.

"Mbona kimya? Nimenenepa?"

"Umezidi uzuri. Nenda kazini."

Alipotoka, Shangazi akasema bila kuinua uso kutoka kwenye pasi, "Amepungua."

"Kazi zimemzidi, Shangazi."

"Nimekuuliza sababu?"

Sindano akaiweka suruali mapajani. Zipu ilimchukua muda mfupi. Kisha vidole vyake vikafumua mshono wa nyuma. Alijiambia ni kwa ajili ya Jumapili moja tu. Apate Jumapili moja ya furaha, halafu watamwona daktari pamoja, si tarehe ya kipimo imekaribia? Alimpenda mno kumwacha asimame peke yake mbele ya kioo akiwa ameshika kiuno cha suruali mkononi. Akapunguza, akakata kilichozidi, akapiga pasi mpaka mshono mpya ukafanana na wa zamani. Fundi mwenzake asingeutambua.

Jumapili simu ikalia.

"Imenishika, malkia! Imenikaa kama nilivyoinunua!"

"Nimefurahi, mpenzi."

"Nilikuwa na hofu, nikuambie ukweli. Nilikuwa naamka shuka limelowa jasho. Nikasema basi, imerudi. Kumbe joto tu! Nimewapigia simu hospitali, nimeahirisha kipimo mpaka mwaka ujao. Nimechoka kulala ndani ya ile mashine. Tuitumie likizo yangu kwa mama, akuone."

Sindano akaishika simu kwa mikono miwili.

"Sindano? Upo?"

"Mrefu, rudi hospitali."

"Kwa nini? Suruali..."

"Suruali nimeipunguza mimi."

Mahali fulani nyuma ya Mrefu redio iliimba, kisha ikazimwa.

"Sema tena."

"Uliposimama nikakupima nikaona umepungua. Sikutaka uumie. Nilitaka..."

"Kitu kimoja tu, Sindano. Nilikuwa na kitu kimoja duniani kisichonibembeleza. Daktari ananibembeleza, mama ananibembeleza, nikijitazama kwenye kioo najibembeleza mwenyewe. Suruali ilikuwa haijui kusema uongo. Umeifundisha."

Akakata.

Siku zilizofuata lifti ilitengenezwa na fundi mwingine, mfupi, mnene, asiyesalimia mtu. Sindano alipiga simu, haikupokelewa. Alituma ujumbe, haukujibiwa. Alishona mkono wa blauzi kinyume, akaufumua, akaushona tena kinyume. Kichwani alimwona Mrefu kitandani, anayeyuka kidogo kidogo, na hakujua kama ni mawazo au ni kweli. Alijilaumu mpaka machozi yakadondokea hariri ya mteja.

"Utanilipia hariri," Shangazi akasema, kisha akamshika bega. "Ulichelea aumie, mwanangu. Sasa ameumia, na hayupo wa kumpoza. Mpigie tena."

Mara hii ikapokelewa. Sauti ilikuwa ya chini.

"Niko hospitali. Nimekwisha kupimwa, nasubiri kuitwa." Akavuta pumzi. "Kama unakuja, njoo."

Alimkuta mwisho wa ukumbi mrefu uliopakwa rangi ya maziwa, kwenye benchi la chuma. Alikuwa kavaa shati jeupe alilomshonea, na lilimpwaya mabegani. Sindano akaketi. Baada ya muda Mrefu akaweka mkono wazi juu ya benchi, kiganja juu, na Sindano akauweka wake.

"Bado nina hasira," Mrefu akasema.

"Kuwa nayo. Nipo."

Daktari, mama mmoja mwenye sauti ya upole, aliwaonyesha picha. Damu ilikuwa nzuri. Chini ya kwapa kulikuwa na tezi moja iliyovimba kidogo.

"Huenda ni maambukizi ya kawaida, na hata kupungua mwili kumetokana nayo," alisema. "Huenda siyo. Ni ndogo, hata kuitoboa na kuipima bado mapema. Sisemi imerudi. Sisemi haijarudi. Utakunywa dawa, utakuja tena wiki chache zijazo, tutaitazama."

"Na kwa sasa mimi ni nani?" Mrefu akauliza. "Mgonjwa au mzima?"

Daktari akafikiri. "Kwa sasa unaweza kwenda nyumbani."

Walitembea mpaka kwenye lile jengo. Lifti ilikuwa imenuna, wakapanda ngazi, na Mrefu akapumzika kila ghorofa akisingizia kumsubiri Sindano. Dukani akasimama katikati ya sakafu, chini ya taa, akainua mikono.

"Nipime."

"Kwa ajili gani?"

"Suti. Ya harusi yangu, kama bibi harusi atanikubali. Nataka iwe kabla hawajaniita tena. Sitaki jibu la mashine ndilo liamue kama nakuoa." "Unaweza ukakataa, Sindano. Unajua unachokichukua."

Shangazi akazima pasi.

"Nimekubali," Sindano akasema, akilia waziwazi. "Geuka."

"Ila nisomee vipimo kwa sauti. Vyote."

Akavisoma. Mabega, kifua. Kufika kiunoni hakuzungusha utepe mara ya pili; akasema namba kama ilivyokuwa. Mrefu akafumba macho, akaipokea, akayafumbua.

Sindano akatandaza kitambaa cheusi mezani, akachora kwa chaki. Mrefu alimwegemea begani akitazama.

"Mbona unaacha kitambaa kingi hivyo ndani ya mshono?"

"Ukinenepa, nitafungua."

"Na nikipungua?"

Akachukua mkasi.

"Nitakuambia kwanza, ndipo nishike sindano."