Kulusum Aliyeuliza Muhogo Maktabani

Kulusum alikuwa amechoka na jembe, amechoka na jua, na zaidi ya yote amechoka kuona muhogo wake ukioza. Shamba lake liko Midia, nje ya mji wa Koboko. Ukipita njiani utalisifu, maana majani ni mabichi. Lakini chimba, ukate. Ndani utakuta madoa ya kahawia, makavu, magumu.

Msimu wa kwanza alisema ni mvua. Msimu wa pili alisema ni udongo. Msimu huu alichoka kukisia. Alikata sehemu mbovu, akatupa, akasonga ugali mdogo kwa watoto.

"Hii shamba imetushinda," alisema Siraji, mumewe, aliyetoka kupakia malori Oraba, mpakani. "Ami yangu anaitaka apande simsim ya mafuta. Mwaka huu ikikataa tena, nampa."

"Na sisi tutakula nini?"

Siraji alivua viatu, akalala.

Katika ukoo wao, mke wa mwana hupanda mbegu ya mama mkwe. Kila mvua zikianza, Kadijah, mama yake Siraji, huja na mzigo wa vijiti vya muhogo kichwani. Huvichagua mwenyewe kwenye shamba lake, vile vyenye majani ya kupendeza. Kuvikataa ni kumkataa yeye.

Siku moja Kulusum alipeleka gunia la muhogo sokoni Arua. Margaret, mnunuzi, alivunja mmoja, akautazama.

"Dada, muhogo yako iko gonjwa. Hii siwezi."

"Dawa yake ni nini?"

"Mimi najua kuku tu. Kuku yangu ilikufa yote, nikaenda maktaba ile pale, nikasoma. Sasa iko nyingi mpaka bwana yangu anaiona wivu."

"Maktaba ni ya watoto wa shule."

"Mimi unaniona mtoto wa shule?" Margaret alijipiga tumbo. "Nenda. Acha gunia hapa, hakuna mwizi atakayeitaka."

Kulusum alijifunza kusoma ukubwani, kwenye darasa la jioni. Husoma polepole, kidole kikifuata mstari. Alisimama mlangoni mwa maktaba kama mgeni asiyejua kama atakaribishwa. Mkutubi, kijana aitwaye Drani, aliinuka.

"Karibu, mama. Unatafuta nini?"

"Muhogo."

Wanafunzi waliokaa karibu walicheka. Drani hakucheka.

"Unataka kuupika au kuulima?"

"Unaoza."

"Mimi muhogo siujui, mama, nisikudanganye. Ila kutafuta najua. Unaoza vipi? Na majani yakoje?"

Kulusum alieleza. Drani alileta kijitabu cha kilimo chenye picha. Kisha akafungua kompyuta, akatafuta maandishi ya watafiti wa mazao.

"Usiamini karatasi moja," alisema. "Tazama nani ameandika, na mwaka gani. Mbili zikikubaliana, una pa kuanzia."

Picha ya kwanza ilikuwa muhogo wake hasa. Ugonjwa unaitwa michirizi ya kahawia. Kulusum alisoma kwa kidole. Hakuna dawa ya kuuponya. Huenezwa na nzi weupe wadogo, na pia hubebwa na vijiti vya kupandia. Majani yanaweza kupendeza, na mzizi umeoza.

Kidole kilisimama kwenye neno vijiti. Alirudia mstari ule. Uchovu wote ukamshukia mabegani. Nani atamwambia Kadijah?

"Kijitabu hiki hakitoki humu," alisema Drani, "lakini nitakutolea nakala ya kurasa hizi. Kukaa na kusoma ni bure. Ukitaka kuazima kitabu, tunakuandikisha uwe mwanachama. Na kwa vijiti safi, nitakupa namba ya afisa kilimo wa kwenu."

Kesho yake Kulusum alikwenda kwa mama mkwe. Kadijah aliigeuza nakala huku na huku.

"Karatasi ya Arua inajua shamba langu?"

"Haijui, mama. Ndiyo maana nimekuja na kisu."

Walichimba shina lenye majani mazuri kuliko yote. Kulusum akakata. Kahawia. Kadijah alikaa chini, pale pale kwenye udongo.

"Kumbe nimekuwa nikikuletea ugonjwa, mwanangu."

"Ulinipa ulichokuwa nacho, mama. Nami nilipanda."

Kadijah alimrudishia nakala. "Basi soma. Inasema tufanye nini? Polepole, nisikie."

Waling'oa mashamba yote mawili, wakachoma. Migongo iliwauma. Siraji alinung'unika, lakini alimwomba ami yake asubiri msimu mmoja. Afisa kilimo aliwaonyesha mahali pa kupata vijiti safi, vya aina inayostahimili ugonjwa ule. Walivipanda kwenye shamba la Midia, upande ulio mbali na muhogo mgonjwa wa majirani. Mwaka ule walikula mtama wa kununua, na haukutosha.

Mvua zilikwenda, zikarudi, hata muhogo ukakomaa. Siku ya kuchimba ikafika. Ami alikuja akasimama pembeni, mikono nyuma.

Kadijah alikichukua kisu mwenyewe. Alikata muhogo wa kwanza. Mweupe mpaka mwisho. Akakata wa pili, mweupe. Akavuta mwingine, akakata, na mwingine tena.

"Mama, ukikatakata yote tutapika nini?" Kulusum aliuliza.

"Niache," alisema Kadijah, machozi yakimtoka. "Nataka kuona."

Ami alitazama kidogo, akaondoka zake kutafuta pengine pa kupanda simsim.