Komeo la Chumba cha Marehemu

Ilikuwa asubuhi ya kawaida tu. Dada yangu alikuwa uani akianika nguo za watoto, nami nipo jikoni kwake namenya viazi.

Mume wake alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Marehemu hasemwi vibaya, lakini shemeji mkono wake ulikuwa mwepesi wa kupiga, na chumbani kwake hakuna aliyegusa kitu bila ruhusa. Mahakama ilimteua kaka mkubwa wa marehemu kusimamia mirathi, naye akakipenda cheo hicho mpaka tukambandika jina la Msimamizi. Nyumba aliachiwa dada na wanawe. Kumbe bwana yule alikwenda ofisi ya ardhi kimyakimya, akaihamishia kwenye jina lake. Fisi alikabidhiwa bucha.

Basi asubuhi hiyo akaja na fundi wa vitasa, akamwambia dada atafute pa kwenda. Dada alilia. Nilimchukia yule mtu; nikaacha viazi, nikawafuata.

Mlango wa mbele ulibadilishwa kitasa bila tabu. Cha marehemu ndicho chumba kilichogoma. Kitasa kilitoka, mlango haukufunguka. Fundi alichungulia, akasema umefungwa kwa komeo, tena kwa ndani. Dada akanong'ona kwamba humo hamna mtu, na dirisha lina nondo.

"Toboa," Msimamizi akasema.

Fundi alikata tundu kubwa kwenye mbao, kisha akarudi nyuma. Kuingiza mkono hakutaka. Msimamizi akamcheka, akakunja shati, akaingiza wake hadi kwenye kiwiko, akipapasa.

Akaacha kucheka.

"Kuna mtu," alinong'ona. "Amenishika."

Mkono ukavutwa. Bega likagonga mlango. Uso ukagonga. Tena. Tena. Meno yakadondoka sakafuni. Mimi na fundi tulimkamata kiunoni, tukavuta. Mfupa ukavunjika, tukausikia. Tulizidi kuvuta, na kilichokuwa ndani kikazidi kuvuta, mpaka Msimamizi akatuangukia. Kiganja hakikuwepo.

Komeo likafunguka lenyewe, taratibu. Chumba kitupu. Kitanda kimetandikwa. Hata tone la damu hatukuliona mle, wala kiganja.

Msimamizi aliirudisha nyumba kwa kusaini na mkono uliobaki. Hati ikatoka kwa jina la dada, naye akahamia chumba kile. Nililia kwa furaha. Nilimwambia kila mtu kwamba shemeji, hata kaburini, anamlinda mkewe.

Juzi nilimtembelea, nikamkuta kajifunga mtandio shingoni na joto lote lile. Nikauvuta kwa utani. Chini yake kulikuwa na alama za vidole vitano, vinene, bado vyekundu. Mle ndani anaishi yeye na watoto wadogo tu.

Nilimsihi afungashe, twende kwangu. Alijifunga mtandio wake upya.

"Nilimvumilia akiwa hai, sina hati," akasema polepole, akiutazama mlango wa chumba. "Sasa ninayo. Ahame yeye."