Mkono wa Kushoto Unabana

"Karibu, dada. Umeleta kitambaa?"

Moyo wa Bibie ukalipuka paa! Aliyemuuliza hivyo alikuwa mumewe wa ndoa, fundi cherehani mstaafu, na alikuwa amekaa kwenye kitanda chao wenyewe.

Binti yao, aliyekuwa amesimama mlangoni, akashusha pumzi.

"Umesikia, mama? Hakujui tena. Jumamosi nakuja kumchukua, akakae kwangu."

"Yaani uninyang'anye mume?"

"Mama, umekonda! Utamuuguza mtu anayekuita dada mpaka lini?"

Daktari alishawaeleza kwamba ugonjwa ule unaharibu ubongo polepole. Unaanza kufuta mambo ya juzi, ya zamani yanachelewa kufutika, na mikono huweza kukumbuka kazi hata majina yakishapotea.

Ya zamani! Bibie akafungua kabati, akatoa kitambaa cha maua.

"Hiki hapa, fundi. Nishonee gauni."

Ungemwona mzee! Alinyanyuka kama kijana, akachukua tepu yake.

"Simama wima, dada. Usinicheke, nitakosea vipimo."

Maneno yaleyale ya siku ya kwanza, enzi zile Bibie bado msichana na kibanda cha fundi kinanukia mafuta ya cherehani. Machozi yakamlengalenga.

Fundi alishona kwa siku kadhaa. Mara nyingi alisahau alipofikia, Bibie akamshikia kitambaa, akamtungia uzi. Ijumaa gauni likaisha, Bibie akalivaa mbele ya binti yao aliyekuja kuwajulia hali. Lilimkaa vizuri kweli, ila mkono wa kushoto ulibana.

"Unaona, mama?" binti akasema kwa huruma. "Hata ufundi umemtoka."

Bibie alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja.

"Pole, dada," fundi akasema, macho chini. "Itabidi urudi kesho nikurekebishie."

Kisha akamsogelea, akamnong'oneza, lakini binti alisikia kila neno:

"Usimwambie mtu. Nimeubana makusudi, ili nikuone tena."

"Najua, mume wangu. Hata gauni la kwanza ulilibana mkono hivyo hivyo, ukaja kuniambia usiku wa harusi yetu."

Binti akatoka nje bila kuaga. Jioni simu ya Bibie ikalia, ujumbe umeingia:

"Mama, kesho nakuja, ila simchukui baba. Nakuja kukaa nanyi, nikusaidie kumtunza. Nisamehe."

Bibie akaweka simu kando. Fundi alikuwa anamtazama kwa wasiwasi.

"Dada, kesho utakuja kweli?"

"Nitakuja, fundi. Nitakuja kila siku."