Chaki Kabla ya Mkasi

Kila asubuhi Kiganja alipiga mswaki akiwa amekipa kioo mgongo. Alijua vizuri kilichomo kiooni: msichana wa miaka kumi na miwili, mrefu kwa umri wake, mwenye jino la mbele lililokatika pembe kama ukurasa uliokunjwa. Kwa hiyo alisugua meno akitazama ukuta, akasukutua, kisha akapita chumba cha mbele kumwamkia shangazi yake, ambaye saa hiyo alikuwa keshaketi kwenye cherehani.

"Shikamoo, shangazi," alisema nyuma ya mkono.

"Marahaba, mwanangu," shangazi aliitikia, pini mbili mdomoni, macho kwenye pindo.

Jino lilivunjika muhula uliopita, kwenye foleni ya bomba la maji shuleni. Kiganja aliinama kunywa, mtu akasukumwa, naye akamsukuma mwingine, na mdomo wa Kiganja ukakutana na chuma. Hakuna aliyekusudia. Lakini wiki hiyohiyo mvulana mmoja alisema jino lile linafaa kufungulia soda, na darasa zima likaangua kicheko. Tangu siku hiyo mkono ukahamia mdomoni. Alisoma nyuma ya kiganja, akajibu maswali nyuma ya kiganja, na kucheka akaacha kabisa. Hapo ndipo alipopata jina la utani. Jina lake halisi lilibaki kwenye daftari la mahudhurio, likiitwa mara moja kwa siku.

Mwanzoni msichana aliyekaa naye dawati moja alikuwa akimwita waende kuruka kamba. Kiganja alitikisa kichwa siku ya kwanza, ya pili, hata ya kumi, na siku ya kumi na moja hakuitwa. Wakati wa mapumziko aliketi kwenye ngazi za nyuma ya maktaba akisikiliza kamba ikipiga chini na wenzake wakihesabu. Alikuwa mpweke, na alijua kwamba ni mpweke, jambo linaloongeza upweke maradufu.

Mama yake alifanya kazi nchi ya mbali. Jumapili alipiga simu ya picha, na Kiganja aliielekeza simu juu. Miezi mitano mama wa watu alizungumza na dari. Sasa alikuwa anakuja nyumbani, baada ya miaka miwili, na zilibaki wiki tatu. Kiganja alitaka kitu kimoja tu duniani: mama amkute akiwa mzima kama alivyomwacha.

Shangazi hakulipuuza jino hilo. Alimpeleka zahanati siku ileile lilipovunjika, akaambiwa mzizi uko salama, akaandikiwa tarehe ya kumwona daktari wa meno. Lakini tarehe yenyewe iliangukia baada ya mama kufika. Kiganja aliihesabu kwenye kalenda mara nne, kana kwamba siku zingeona haya zikapungua.

Njiani kurudi kutoka shule palikuwa na saluni, na nyuma ya saluni chumba chenye bango: Dokta Tabasamu, mrembeshaji wa meno, nusu saa tu. Alhamisi moja mwenyewe alikuwa mlangoni, koti jeupe, meno meupe kuliko koti. Alimwona Kiganja akipita na mkono wake mdomoni, akajua amepata mtu. Akamwambia hatamtoza chochote, mradi akubali kupigwa picha ya kuweka kwenye bango. Kiganja akapiga moyo konde, akaingia.

Chumba kilinuka rangi ya kucha. Kulikuwa na kiti cha plastiki, na glasi moja iliyosimikwa tupa ndogo, koleo na brashi. Hapakuwa na bomba wala beseni. Ukutani zilibandikwa picha mbilimbili, meno kabla na meno baada. Sasa, mtoto aliyelelewa na fundi cherehani ana jicho la kutafuta mshono. Kiganja aliona kwamba mwanamke wa picha ya kwanza alikuwa na kidoa cheusi juu ya mdomo, na wa picha ya pili hakuwa nacho. Akajiambia labda ni kivuli. Mtu anayetaka kitu sana hukosa la kujiambia.

"Fungua mdomo," Dokta Tabasamu alisema, tupa tayari mkononi.

Hakuuliza jino lilivunjika lini. Hakuuliza kama linauma, wala kama nyumbani kuna mkubwa anayejua. Akaanza kusugua, na Kiganja akashtuka: tupa ilikuwa kwenye jino la pili, lile zima. Akauliza kwa shida kwa nini. Akajibiwa kwamba lazima lipunguzwe ili kifuniko cheupe cha kubandika kikae juu ya yote mawili.

Hapo akamkumbuka shangazi. Kwa shangazi mteja hupimwa mara mbili, huulizwa nguo ni ya kwenda wapi, kitambaa huchorwa chaki na chaki hutazamwa tena. Mkasi huja mwisho kabisa. Wanagenzi wake wote walijua kwamba chaki hufutika.

Kiganja akausukuma mkono wa yule mtu. "Mbona hujapima?"

"Mimi sipimi. Jicho langu ndilo kipimo."

Mwanagenzi aliyewahi kusema hivyo kwa shangazi alirudi kwao siku hiyohiyo. Kiganja alichukua mkoba wake, akatoka mbio, na hakusimama mpaka nyumbani.

Siku mbili alijikaza kisabuni. Maji ya baridi yalimchoma jino hadi kwenye jicho. Shuleni hakuwa na wa kumwambia. Nyumbani alikuwa naye, lakini aliogopa. Jumamosi shangazi aliingia jikoni, akamkuta amesimama karibu na jiko, akipasha moto maji ya kunywa.

"Nani anakunywa maji ya moto na jua hili?" aliuliza.

Kiganja akalia, na katika kulia akasema yote: bango, picha, tupa. Alingoja shangazi aje juu. Shangazi hakuja juu. Alivuta kigoda, akakaa, akazitoa pini mdomoni moja moja.

"Na mimi nimekosa," alisema. "Nimeuona mkono huo mdomoni kila siku, nikafikiri utashuka wenyewe. Ningekaa nawe hivi mapema, usingeenda huko peke yako."

Jumatatu walikwenda kliniki ya meno bila kungoja tarehe, na kwa kuwa sasa kulikuwa na maumivu wakapokewa. Lakini kabla Kiganja hajaketi kitini, shangazi aliigeuza kliniki ile nje ndani, kama anavyogeuza gauni la fundi mwingine kutazama mishono. Alisoma cheti cha ukutani, akalinganisha jina lake na lile la kifuani kwa daktari. Akatafuta mwaka wa leseni. Akauliza daktari alisomea wapi, kazi za namna hii amefanya ngapi, na kama kuna iliyowahi kuharibika. Kiganja alitamani sakafu immeze.

Daktari, mama wa makamo mwenye sauti ya chini, hakukasirika. Alileta jalada la picha. Mdomo uleule ulionekana kabla ya kazi, siku ya kazi, na miaka mitatu baadaye. Katika mdomo mmoja ujazo ulikuwa umebanduka kidogo, na yeye mwenyewe akauonyesha.

"Huu niliurudia," alisema. "Ukimuuliza daktari maswali na akakasirika, mama, mchukue mtoto uondoke."

Ndipo akauliza yeye: jino lilivunjika lini, vipi, kuna dawa inayomdhuru mtoto? Alipiga eksirei. Alifungua vifaa kutoka kwenye pakiti iliyofungwa, mbele ya macho yao. Alisema jino lililosuguliwa halitaota tena ganda lake, ila kilichoondoka ni kidogo, na atalipaka dawa ya kulikinga. Lile lililovunjika atalijazia pembe tu. Shangazi akauliza habari za vile vifuniko vyembamba vinavyotangazwa. Daktari akakataa: kwa umri huu meno na ufizi bado vinajipanga.

Kisha akamsogeza Kiganja dirishani, akashika vipande vidogo vya rangi mbalimbali za meno, akavilinganisha na jino lake kimoja baada ya kingine kwenye mwanga wa jua. Hivyo ndivyo shangazi alivyochagua uzi. Kiganja akamtazama shangazi, shangazi akamtazama Kiganja, na wote wawili wakatulia.

Walipokuwa wakirudi nyumbani, jino likiwa limekwisha kujazwa, shangazi alisema, "Mwanangu, anayeshika mwili wa mtu lazima aonyeshe alipojifunza, aulize kabla ya kugusa, na aweze kukwambia hapana. Huyo wa saluni alikwambia ndiyo kabla hujafungua mdomo. Na jambo likikuuma, niambie mimi kwanza, hata kama ni aibu. Aibu ya wawili ni nyepesi."

Shuleni yule msichana wa dawati moja alimtazama, akauliza kama jino ndilo lililomnyamazisha muda wote ule. Wao walidhani amewachoka. Mapumziko hayo Kiganja akapewa ncha moja ya kamba azungushe.

Mama alifika Jumapili na sanduku moja. Alimtazama mwanawe kuanzia miguuni hadi kichwani, wala hakuuliza habari ya jino. Hata angeambiwa, asingelitambua ni lipi.

"Niambie," alisema, "mimi nilikukosea nini, miezi yote ile nikaonyeshwa dari?"

Kiganja akacheka, na machozi yakamtoka hapohapo. Mkono ukapanda mdomoni kwa mazoea. Mama akaudaka kabla haujafika, akaushika, na hakuuachia.