Namba Kumi na Tisa

Murithi, jirani yetu wa Kaaga, ni fundi wa simu, na hakuna kinachompandisha hasira kama maneno ya majini. Asubuhi hiyo alikuwa Majengo, katika duka la vipuri la Billow, akipanga kanuni za upigaji kwenye simu mpya za mezani, zile za intaneti. Ukibonyeza tisa unatoka nje. Kumi na moja hadi kumi na tano ni za humo humo dukani. Kazi ya kawaida tu.

Iliyomshinda ni simu ya Hamda, karani wa mapokezi. Ililia mara moja, ikanyamaza. Kioo kikaonyesha 19.

Namba hiyo haikuwepo. Murithi alizikagua kanuni, akazifuta zote, akaziandika upya. Ikalia. Akaizuia 19 isiingie. Ikalia.

"Fundi, siku ya tatu hii," Billow alisema. "Alasiri ikifika bado, naita mwingine."

Felicitas, mke wa Murithi, alikuwa na mtoto mchanga nyumbani. Murithi hangeweza kuipoteza kazi hii. Akachomoa waya wa intaneti kwa hasira, akautupa sakafuni.

Ikalia.

"Na wewe Hamda, si ushike!"

"Nyanya alitukataza," Hamda akanong'ona. "Ukiitwa na usiyemwona, ngoja mara ya tatu. Majini hawawezi kuita mara tatu mfululizo, na hii hulia mara moja tu."

Maneno hayo hayo Murithi alishayasikia kwa mama mkwe wake, yakamchosha. "Ni settings tu, Hamda! Settings!"

Ilipolia tena aliunyakua mkono wa simu. "Haloo! Murithi hapa!"

Polepole, ikaja sauti yake mwenyewe: "Haloo. Murithi hapa."

Akaiweka chini. Aliporudisha waya, simu zote zilifanya kazi bila kasoro, na Billow akamshukuru sana. Murithi hakufurahi. Alitaka kwenda nyumbani tu.

Alipofika, jua lilikuwa bado juu, lakini mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani.

"Feli, fungua."

Akabisha.

"Feli!"

"Enda," mkewe akanong'ona nyuma ya mlango. "Murithi yuko hapa na mtoto. Ameniambia kuna mtu atakuja na sauti yake."

Murithi akayakumbuka maneno ya Hamda, akajikaza, akaita mara ya tatu.

"Felicitas!"

Komeo likavutwa. Felicitas alimtazama, akageuka upesi kutazama kitanda. Mtoto alikuwa amelala peke yake. Nyumba hiyo haina mlango wa pili.

Kando ya kitanda palikuwa na viatu vya mwanamume. Vya Murithi, hata soli ya kushoto ilikuwa imeachia vile vile. Akatazama miguuni mwake. Vyake alikuwa amevivaa.

Akainama, akatia mkono ndani ya vile vingine. Vilikuwa bado na joto.