Saba ya Kopa Ndani ya Blanketi

Karata alizifungia mwenyewe kwenye kopo la vifungo, siku ile ile waliporudi kumzika mamamkwe, akalisukuma kopo juu ya kabati mpaka likagusa ukuta. Siku ya tisa, saa tisa alasiri, aliinua uso kutoka kwenye cherehani akazikuta mkekani: tatu huku, tatu kule, zote kifudifudi, na nne ya kopa imefunuliwa kando ya fungu.

Mlango ulikuwa umefungwa kwa komeo. Mumewe alikuwa kazini, kwenye tanuri la mikate. Ndani walikuwa yeye na mtoto wa miezi mitano, ambaye hata kukaa alikuwa bado anaegemezwa mto.

Harufu ikafuata. Dawa ya kuchua miguu, ile ya mamamkwe, na chini yake kitu kingine, kama nywele zilizoguswa na moto.

Mchezo ule alifundishwa na mamamkwe. "Turufu inakula kila kitu, mwanangu, hata mfalme," alikuwa akisema, akiisogeza karata puani ili aisome, maana macho yalishaota utando. "Unatupa moja, natupa moja, mwenye kubwa anachukua zote, tunalamba fungu, tunaendelea. Mbona mzito hivi? Shuleni ulikuwa unakwenda kusinzia?"

Sheria yake ilikuwa moja: anayeshinda ndiye anayeruhusiwa kuinuka. Yeye hakushinda hata siku moja, na sare za shule zilimsubiri kwenye cherehani, thelathini na mbili hazina mikono, basi akaanza kuchomoa turufu kubwa kwenye fungu na kuificha ndani ya blanketi la mtoto, mahali ambapo bibi hawezi kupapasa asije akamwamsha mjukuu. Akashinda. Akainuka. "Leo umenikomesha," mamamkwe akacheka, akafurahi kwelikweli, na furaha ile ndiyo iliyomchoma.

Siku ya mwisho turufu ilikuwa kopa, akaificha saba ya kopa, moja ya zile kubwa.

"Moja tu tena, mwanangu. Kifua kimenibana, nataka mtu karibu."

"Kesho, mama. Nimeshinda, si ndiyo?"

Cherehani ikanguruma. Alipoizima, mamamkwe alikuwa ameegemea ukuta, karata tatu mkononi, ameshazigawa za watu wawili.

Sasa, siku hii ya tisa, akamrukia mtoto, akafungua blanketi, akaikuta saba ya kopa imemganda kifuani, yenye unyevu, ya moto. Akazikusanya zote akazirudisha kwenye kopo, na kesho yake saa tisa zilikuwa mkekani tena, na keshokutwa tena, na kila alipoziondoa mtoto alizidi kuchemka, hataki ziwa, shingo imegeukia upande ule mtupu wa mkeka, anamfuata mtu kwa macho, na mkeka wenyewe ulikuwa umebonyea pale kama umekaliwa na mtu mzito kuliko mamamkwe, mzito mara tatu.

Akamwita mkunga mstaafu wa nyumba ya nyuma, aliyesemekana anaongea na wasioonekana. Bibi huyo alinusa mlangoni tu, akashusha sauti.

"Huyu si mkweo. Mkweo kalala. Huyu ni jini, amekuta mahali pana dhuluma na nafasi iko wazi, akakaa. Ulimwibia mama wa watu?"

"Karata tu, bibi."

"Sikukuuliza uliiba nini. Mara ngapi?"

Akamtazama mtoto. Akaona aibu kusema kweli.

"Mara moja."

Mkunga akaunyoshea mkeka kidole. "Basi cheza huo mmoja, bila hila. Uombe radhi kwa mdomo wako. Ukimaliza atatoka."

Akakaa mkekani, akatupa karata. Upande wa pili karata ikajipindua yenyewe, polepole, kama inayosogezwa puani kwanza. Akashindwa vibaya. "Nisamehe, mama," akanong'ona, "nilikuibia, nikakuacha peke yako." Mkeka ukainuka, ukanyooka. Harufu ikakatika. Mtoto akatoa jasho, akalia kilio cha njaa, akanyonya mpaka akasinzia.

Mumewe aliporudi na mkate wa moto alimkuta anatabasamu. "Mama mtoto, leo kuna habari njema?" Alitaka kumwambia yote. Akamwambia homa imeshuka.

Kesho yake, saa tisa, alikuwa anashona mkono wa sare ya mwisho iliposikika sauti ndogo nyuma yake, tap, ya karata kugusa mkeka.

Mtoto alikuwa amekaa wima. Mto uko mbali, ukutani. Amekaa upande wa mamamkwe, karata tatu zimepangwa vizuri kwenye kiganja kisichojua hata kushika kijiko, na moja anaisogeza puani, taratibu, anaisoma. Tatu nyingine zilimngoja yeye.

Akajaribu kumnyanyua. Hakunyanyuka, alikuwa mzito kama jiwe la kusagia.

Basi akakaa chini. "Haikuwa mara moja," akasema, na mtoto akatikisa kichwa, kama mtu mzima anayekubali. Ilikuwa mara ngapi, michezo mingapi ya kulipa? Wiki nzima? Tangu mvua zilipoanza? Alijaribu kukumbuka na hakuweza. Mwenzake, ng'ambo ya mkeka, alishatupa ya kwanza.